AC ya nyuma haipozi: anza na feni, kisha mabomba, gesi iwe ya mwisho

Gari kubwa likishazeeka, liwe la safu tatu za viti au basi dogo la familia, AC ya mbele huendelea kupoza huku waliokaa nyuma wakilowa jasho. Mwenye gari akija kwangu swali lake la kwanza ni gesi inaingia kiasi gani. Namwambia afunge pochi kwanza. Kazi yangu ni AC za magari, na nyingi za hizi za nyuma ninazozifungua zina gesi ya kutosha ila feni imekufa, au koili (vile vijibomba vyenye mapezi vinavyopoza hewa) imezibwa na uchafu. Zile ambazo kweli zimepungukiwa gesi, hiyo gesi ilitokea mahali. Mfumo wa AC haunywi gesi kama injini inavyokunywa mafuta. Ikipungua, kuna tundu. Na kwenye magari haya tundu liko chini ya gari mara nyingi kuliko kwingine kokote, ukikubali kulala chali utaliona kwa macho.

Kabla hujashika spana, elewa kwamba AC ya nyuma ni tawi tu. Kompresa inayosukuma gesi ni moja, kondensa inayoipoza iwe kimiminika ni ileile iliyoko mbele ya redieta, na gesi ni moja. Kutoka kondensa, bomba jembamba lenye gesi iliyogeuka kimiminika hugawanyika kwenye kiungo cha T. Tawi moja huingia nyuma ya dashibodi, la pili hushuka na kupita chini ya bodi hadi nyuma, likapanda ndani ya ukuta wa ubavuni juu ya tairi au darini, kutegemea gari. Huko kuna vali yake ya ekspansheni (kitundu chembamba kinachopunguza shinikizo la kimiminika ili kipoe), koili yake ya kupoza na feni yake. Bomba nene hurudisha mvuke mbele, ukaungana na ule wa koili ya mbele na kuingia kwenye kompresa. Ndiyo maana bomba likitoboka nyuma, AC zote mbili hufa, lakini fyuzi ya feni ya nyuma ikiungua, dereva hatajua lolote hadi abiria wamlalamikie.

Sasa washa injini, washa AC zote, feni kasi ya juu, kisha hamia kiti cha nyuma na uweke mkono kwenye tundu la hewa. Mbele kunapoza na nyuma hewa haitoki kabisa? Ni umeme. Hewa inatoka kinyonge? Ni uchafu, au feni iliyochoka. Inatoka kwa nguvu lakini ina joto? Ni vali, au hita inaingilia. Mbele na nyuma kote kumelegea? Hapo ndipo tunapoanza kuzungumza habari za gesi, na hapo ndipo utalala chini ya gari.

Hewa haitoki

Anza na swichi. Magari mengi ya aina hii yana swichi mbili za AC ya nyuma, moja kwenye dashibodi na nyingine darini kwa abiria, na ya dereva ndiyo yenye kauli. Nimeletewa gari ambalo tatizo lake lilikuwa swichi ya mbele iliyozimwa na mtoto. Baada ya hapo nenda kwenye fyuzi. Feni ya nyuma huwa na fyuzi yake, wakati mwingine kwenye kisanduku tofauti na kile cha chini ya usukani, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Ikiwa imeungua, rudishia ya ampea zilezile. Ikiungua tena papo hapo, usithubutu kuweka kubwa zaidi. Kuna waya unaogusa bodi, au feni imekwama. Waya huo hupita chini ya zulia na pembeni mwa kizingiti cha mlango, mahali ambapo mtu aliyefunga viti au spika huweza kuutoboa kwa skrubu asijue.

Fyuzi ikiwa nzima, fungua paneli ya plastiki. Chagua saa ambayo gari limekwisha kupata jua, maana klipu za zamani zikiwa baridi hukatika kama biskuti. Chomoa plagi ya feni, weka mita: ukipata volti 12 au zaidi kwenye waya wa moto na feni haizunguki, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikianza kuzunguka, brashi za kaboni zimekwisha, tafuta feni nyingine. Usipopata volti, rudi nyuma hatua kwa hatua: rezista (inayopunguza kasi ya feni), relei, swichi. Usisahau waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Rudisha plagi, feni ikiwa inafanya kazi pima kati ya ethi yake na kichwa hasi cha betri. Ukiona zaidi ya nusu volti, kuna kutu pale waya ulipofungwa kwenye bodi.

Feni inayozunguka kwa kasi ya juu peke yake ina rezista iliyokufa, kwa sababu kasi ya juu haipiti kwenye rezista. Ni kazi ndogo, skrubu mbili tu na plagi. Ila itazame plagi yenyewe. Ikiwa plastiki imekuwa kahawia au imeyeyuka, badilisha na plagi pia, na uzungushe feni kwa mkono. Feni nzito hunyonya umeme mwingi, na rezista mpya utakayoifunga itaungua kama ile ya kwanza.

Hewa kidogo

Magari ya zamani mengi hayana chujio la hewa upande wa nyuma. Feni hunyonya kutoka karibu na sakafu, kwa hiyo vumbi, nywele, nyuzi za zulia na makombo yote huishia kwenye mapezi ya koili, upande ule usiouona. Ukiweka tochi utaona kitu kama blanketi la kijivu. Liondoe kavu kwanza, kwa brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi, ndipo unyunyizie maji yenye sabuni kidogo. Ukianza na maji utatengeneza tope na kulisukuma ndani. Mapezi yaliyolala yanyooshe kwa kichana chake au ncha ya kisu butu, bila papara, maana koili ni alumini nyembamba.

Ukiwa papo hapo, mwaga kikombe cha maji kwenye sinia la chini ya koili uone kama yanatoka chini ya gari. Mrija wa kutolea maji ukiziba, maji ya ubaridi humwagikia kwenye zulia, au kichwani mwa abiria kama kifaa kiko darini. Wengi hudhani ni mvua inavuja. Waya mwembamba na upepo wa pampu ya baiskeli vinatosha kuuzibua.

Hewa ya kutosha, ila ya moto

Kama gari lina hita ya nyuma, shika mipira miwili ya maji ya moto inayokwenda huko. AC ikiwa imewashwa na joto limewekwa chini kabisa, gari lenye vali ya maji halipaswi kuwa na mipira ya moto yote miwili. Ibane kwa muda kwa kibanio cha mipira kisichochana. Hewa ikipoa, gesi yako haina kosa, badilisha vali ya maji au kibati cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na baridi. Kibati hicho huendeshwa na mota ndogo yenye gia za plastiki, na ukisikia tik-tik-tik kila unapogeuza kitufe cha joto, gia zimekatika meno.

Hita ikiwa haihusiki, fuata mabomba kwa vidole. Bomba jembamba kabla ya vali ya ekspansheni liwe na uvuguvugu. Baada ya vali liwe baridi. Bomba nene la kurudi liwe baridi na litoe jasho. Ukikuta barafu imeganda kwenye vali yenyewe ilhali koili haina ubaridi wa maana, vali imeziba. Ukikuta bomba nene limeganda barafu sehemu kubwa ya urefu wake na feni inazunguka vizuri, vali imekwama wazi, au kile kibofu chake cha shaba kinachopima joto kimeachana na bomba. Hili la kibofu lisikupite. Lazima kigusane na chuma safi cha bomba la kurudi, kifungwe kwa kibanio, kisha kizungushiwe ule utepe mweusi wa lami. Bila utepe, kinapima joto la hewa ya ndani ya paneli, na vali inaachia gesi kupita kiasi.

Chini ya gari

Inua gari, weka vigingi imara, usilitegemee jeki peke yake. Vaa miwani. Mulika mabomba mawili ya AC tangu kiungo cha T hadi yanapopanda nyuma.

Yale mabomba ni ya alumini, na kila mahali yameshikwa na kibanio cha chuma chenye kipande cha mpira. Mpira huo ukichakaa, tope huingia na kukaa na unyevu, alumini inagusana na chuma, basi alumini huliwa. Bomba halitoboki wazi katikati ambako kila mtu angeliona. Hutoboka ndani ya kibanio. Fungua kila kibanio. Utaona unga mweupe, na chini yake vishimo vidogo kama vya sindano. Gusa pembeni: ukipata vumbi lililoshikamana kwa mafuta, jeusi, linateleza kidogo kidoleni, hapo ndipo gesi inapotokea, kwa sababu gesi haisafiri peke yake, hubeba mafuta ya kompresa. Sehemu nyingine za kukagua ni pale bomba la alumini linapoingia kwenye mpira na kubanwa kwa pete, pale mabomba yanapopita juu ya tairi la nyuma yakipigwa mawe, na kwenye viungio vya nati vyenye oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja).

Kama hakuna mafuta yanayoonekana, pima. Maji ya sabuni hutosha kwa tundu kubwa. Kwa dogo, rangi ya kung'aa na taa ya UV, au mashine ya kunusa ambayo ncha yake unaipitisha polepole upande wa chini wa bomba, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa. Mimi mfumo ukiwa mtupu hupenda naitrojeni kavu, yenye regyuleta, psi (kipimo cha shinikizo) 120 hadi 150, halafu sabuni kila kiungio. Usitumie upepo wa kompresa ya gereji, una maji ndani yake. Oksijeni usiikaribishe kabisa: ikikutana na mafuta kwa shinikizo italipuka.

Na zile chupa za dawa ya kuziba matundu zinazoingizwa pamoja na gesi? Sizitumii, na gari lililotiwa dawa hiyo naliogopa. Dawa hiyo huweza kuganda kwenye vali ya ekspansheni, na huharibu mashine ya kuvuta gesi. Bomba lililoliwa halizibiki kwa dawa, litatoboka sentimita mbili mbele.

Kurekebisha bomba

Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine. Usifungue nati iachie hewani. Mbali na uchafuzi, na kwamba katika nchi nyingi ni kosa kisheria, R-134a, gesi iliyomo kwenye AC nyingi za magari haya, huchemka kwa nyuzi −26 za Selsiasi, na ikikurukia machoni au mikononi itakuunguza kwa ubaridi. Pia usiwashe moto wa kuchomelea kwenye bomba lenye gesi. Ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Una njia tatu. Kununua bomba jipya zima, ambalo kwa gari la zamani halipatikani kila mara. Kuondoa sehemu mbovu yote na kuweka mpira maalumu wa AC wenye ncha zilizobanwa kwa mashine. Au kukata kipande kibovu na kuunganisha kwa viungio vya kubana vyenye nati na pete. Kwa kipande kifupi hii ya tatu haina taabu, lakini ina masharti yake. Pima unene wa nje wa bomba kwa kalipa, usikadirie; mara nyingi jembamba ni milimita 9.5 na nene ni 15.9 au zaidi. Kata kwa kikata-bomba cha kuzungusha. Msumeno hutoa chenga, na chenga zote zitakwenda moja kwa moja kwenye vali ya ekspansheni. Rudi nyuma hadi kwenye alumini ng'avu yenye afya. Sugua ncha kwa msasa laini kwa kuzungusha, kamwe si kwa urefu, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa urefu chini ya pete ni njia ya gesi. Mpira wa kawaida wenye kibanio cha skrubu, kama wa redieta, hapa hapana. Gesi hupenya ukuta wake, na upande wa shinikizo kubwa huweza kuchomoka.

Viungio vya zamani vifunguliwe kwa spana mbili kila mara, moja inashika, moja inazungusha. Alumini iliyogandamana na nati hujisokota kabla nati haijalegea, ukasikia kama kitambaa kinachanika, na hapo umeongeza bomba jingine kwenye orodha. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, acha yanywe, nenda kafanye kazi nyingine kwanza. Kila kiungio ulichofungua kipate oringi mpya ya AC, uipake mafuta ya kompresa, uifunge bila kuisokota. Kila bomba lililo wazi liwe na kizibo wakati wote.

Bomba likirudi mahali pake, weka vibanio vyenye mpira mpya, mbali na eksozi na mbali na tairi linapopanda. Kama umefungua hadi vali ya ekspansheni, badilisha na vali yenyewe. Ni bei ndogo ukilinganisha na kazi ya kuifikia. Badilisha na draya, kichupa kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo, kwa sababu ile ya zamani imekwisha kunywa unyevu wa hewa.

Mafuta: soma kibandiko cha kompresa. Magari mengi ya R-134a hutumia mafuta ya jamii ya PAG, yenye namba kama 46, 100 au 150, na namba hizo hazibadilishani ovyo. Rudishia kiasi kilichotoka tu, pamoja na kiasi ambacho kitabu kinataka kwa kila kifaa ulichobadilisha. Chupa ya PAG ifunge mara moja, hunyonya unyevu wa hewa ukiwa unaitazama.

Vakyumu na gesi

Mfumo wenye koili mbili una mabomba marefu, kwa hiyo dakika kumi za pampu ya vakyumu (inayofyonza hewa yote iliyomo) hazitoshi. Acha pampu ivute dakika 45 hadi saa nzima, geji ya bluu, ya upande wa shinikizo dogo, ikikaa karibu na inchi −29 za zebaki. Lengo si kutoa hewa tu. Kwa shinikizo dogo kiasi hicho maji huchemka hata kwa joto la kawaida la chumba, na mvuke wake hutoka. Kisha funga geji, zima pampu, subiri nusu saa. Sindano isisogee. Lakini usifurahi mapema: vakyumu hujaribu bomba kwa psi 14 na kidogo tu, na kutoka nje kwenda ndani, wakati gari likifanya kazi upande mkubwa hupita psi 200. Ndiyo sababu naipenda naitrojeni.

Gesi ipimwe kwa mizani. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na magari haya mara nyingi huwa na namba mbili, moja ya gari lisilo na AC ya nyuma na moja ya lenye nayo. Soma ile sahihi. Tofauti huweza kuwa gramu mia kadhaa, na anayejaza kwa kutazama geji peke yake hukosea hapo. Gesi iingie kama mvuke upande mdogo, injini ikiwa inafanya kazi. Vali ya geji nyekundu, ya upande wa shinikizo kubwa, ibaki imefungwa. Ukiifungua injini ikinguruma, shinikizo litarudi kwenye chupa na kuipasua.

Gari lililoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huenda lilitoka na R-12, gesi ya AC ya zamani. Likibadilishiwa R-134a, linahitaji mafuta yanayopatana nayo, draya mpya, na gesi karibu asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa zamani. Ukishawishiwa kuweka gesi ya jamii ya gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi na inapoza, kumbuka koili ya nyuma iko ndani ya chumba cha abiria. Ikivuja, inavujia walipokaa watoto.

Jaribu sasa: injini kwenye mizunguko 1,500, feni zote juu. Siku ya joto la wastani geji ya bluu husoma psi 25 hadi 45 na nyekundu 150 hadi 250. Kipimajoto kwenye tundu la nyuma kiwe karibu na kile cha mbele. Nyuzi mbili tatu za tofauti hazinisumbui, bomba ni refu na chumba ni kikubwa.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kuliziba tawi la nyuma kwenye kiungo cha T na kuachana nalo. Inawezekana, kwa vizibo vya nati vya AC kwenye bomba zote mbili, karibu na T iwezekanavyo ili mafuta yasijikusanye kwenye bomba lisilo na njia, na gesi ipunguzwe ifuate ile namba ndogo ya kibandiko. Kama safu ya tatu haikaliwi na mtu, si ujinga. Ukilibakiza, liwashe mara kwa mara hata ukiwa peke yako garini, mafuta yaliyotuama kwenye koili ya nyuma yarudi kwenye kompresa.

Kabla ya kurudisha paneli, andika kwenye karatasi ngumu aina ya gesi, gramu ulizotia, aina ya mafuta na tarehe, uibandike chini ya boneti kando ya kibandiko cha kiwanda. Fundi atakayefuata hatakisia.